Sauti Yangu Ilivyomzika Baba Akiwa Hai

Nianze kwa kukiri, maana hata nikificha mtu yeyote wa Mabira atawaambia: mimi ndiye yule kijana aliyemtangazia baba yake kifo, baba mwenyewe akiwa amekaa kiti cha mbele anasikiliza. Mkitaka kucheka chekeni sasa hivi, kwa sababu huko mbele mkasa huu hauna pa kuchekea, na mimi mwenyewe nikiusimulia kuna mahali huwa nasimama kidogo nikajifanya nakohoa.

Chuoni nilikuwa nasomea jambo ambalo mama alishindwa kuwaeleza majirani, akawa anasema tu, "Projesti anasomea simu." Si uongo. Nilikuwa nasomea namna ya kutengeneza programu moja inayozaa nyingine nyingi, ukoo mzima wa programu, kila simu ikapata ya kwake kulingana na hali yake: simu yenye chaji inapata picha na maandishi, ile inayokaribia kuzima inapata maneno matupu, ya mtu asiyejua kusoma inamsomea kwa sauti, ya mtu aliye kwenye kelele inaongeza sauti yenyewe, na mtandao ukibadilika inatupa mizigo yote mizito na kubaki na ya lazima, tena yote hayo inayafanya katikati ya kazi bila kumwuliza mtu. Sasa ukoo mkubwa namna hiyo huwezi kuujaribu mtoto mmoja mmoja, utazeeka. Kwa hiyo unachora mchoro wa ukoo wote, unaandika sheria zake, kisha unaipa kompyuta programu nyingine, sisi tunaiita kikaguzi, ipite kila tawi na kila mgeuko mpaka ithibitishe kwa hesabu kwamba sheria haivunjwi popote. Si kwamba umejaribu ukaona inafaa, hapana, imethibitishwa. Neno hilo lilinilevya kuliko rubisi.

Programu yangu ilikuwa ya misiba. (Najua. Kijana mwenye akili angetengeneza ya bei ya kahawa.) Lakini kwetu chama cha kuzikana ndicho chama, vingine vyote vinakuja na kwenda, na habari ya kifo haitoki hivi hivi, lazima watu wawili wakubaliane kwanza, mmoja wa nyumba yenyewe na mmoja wa chama, na mpaka hao wawili wakubaliane, hata kama umemfumba marehemu macho kwa vidole vyako, unameza kilio. Baada ya hapo ndipo watu wanatumwa, kwa miguu na kwa bodaboda, milima na mabonde, na kila mara kuna dada aliyeolewa Kimuli au mjomba aliyehamia Songambele anayefika watu wameshanawa mikono, kaburi limeshafunikwa, na huyo hasamehi. Shangazi yangu mmoja mpaka leo hasamehi. Basi nikasema nitawaponya watu wa kwetu na jambo hili, na programu nilikuwa nimeshaiweka kwenye simu za wanachama, wa kwetu na wa vyama vya jirani, ikisubiri tu kuanza kazi.

Sheria nilizozipa kikaguzi zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, tangazo la msiba lisitoke bila wale watu wawili kuthibitisha. Ya pili, tangazo la mazoezi, yaani lile la kufundishia watu, lisitoke nje kamwe. Ya kwanza ilipita vizuri. Ya pili kikaguzi kikaanza kuikagua asubuhi, ikafika mchana bado kinakagua, kompyuta inanguruma kama mashine ya kusaga, imepata moto nikaiweka juu ya sufuria lenye maji, na mkutano wa kuonyesha kazi yangu ulikuwa kesho yake Kayanga. Nilijua kinachokichelewesha. Kila simu inapohama mtandao, programu inajipanga upya, na kila kujipanga upya kunazaa matawi mengine, na matawi hayo mengine tena.

Hapo ndipo nilipofanya kile kitu kidogo. Nikaandika sentensi moja kwenye mchoro wangu, kwamba simu haihami mtandao tangazo likiwa bado linasubiri. Inaruhusiwa. Katika kazi ile unaruhusiwa kukipa kikaguzi jambo la kukubali bila kuuliza, nacho kinakuamini kama mtoto anavyomwamini mzazi. Chai yangu haikupoa, jibu likaja: sheria zote zimethibitika.

Ningekuwa mtoto wa Dodoma mngenisamehe. Lakini mimi nimezaliwa Mabira! Kwetu ukiteremkia upande unaotazama mto wa mpakani simu inakukaribisha nchi ya jirani, saa inarudi nyuma, ukipanda juu inakukaribisha tena nyumbani, ukigeuka kumwangalia mbuzi imekwishahama, na hakuna mtu mzima anayesoma saa ya misa kwenye simu kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuwa nalijua jambo lile kabla sijajua kusoma, na nikaliambia lile dude kwamba halipo.

Jioni hiyo, jua bado lipo, tukafanya mazoezi pale nyumbani, mimi, baba, na mwenyekiti wa chama, Mzee Rwegasira. Programu ilitaka jina la mwanachama wa kweli, jina la kubuni ililikataa (mimi ndiye niliyeifundisha kukataa). Mzee Rwegasira akaweka simu yake mezani taratibu kama mtu aliyeshika kitu kichafu.

"Mwanangu, jina la mtu mzima kwenye tangazo la kifo? Huko si ni kumwitia kifo?"

Baba akacheka. Alikuwa na kikohozi kilichokuwa kimemzoea, kila akicheka kilimfuata. "Weka langu," akasema. "Jina langu si yai, halitapasuka."

"Felisiani, acha utani."

"Si utani. Mtoto amesoma, sasa nani ampe jina kama si baba yake?"

Mama alikuwa nyuma anamenya ndizi. Hatukumwita, kwa sababu sote watatu tulijua angesema nini. Nikajirekodi, maana zile simu za wasiojua kusoma zilihitaji sauti ya mtu, nikatangaza kwa Kinyambo kisha kwa Kiswahili, na baba akanisahihisha: "Vuta maneno kidogo, unanitangaza kama mnada." Nikayavuta. Nikaweka na huzuni. Nilipomaliza baba akasema imekaa vizuri. Mimi nikathibitisha kwa niaba ya nyumba, Mzee Rwegasira kwa niaba ya chama, na simu yake ikaandika: mazoezi, halitatumwa.

"Tulifute?" akauliza.

"Ya nini, Mzee? Imethibitishwa."

Kesho yake asubuhi nikaondoka na baba. Alivaa koti lake la Krismasi na kofia, akanyoa ndevu. Mzee Rwegasira alibaki, alisema ana kahawa ya kuangalia kwenye shamba lake la upande wa mtoni. Alilisema hilo mbele yangu, kwa Kiswahili kinachoeleweka kabisa, na mimi nikamwambia kazi njema.

Ukumbi kule Kayanga ulijaa viongozi wa vyama vya kuzikana wa Karagwe na Kyerwa, na mwalimu wangu wa chuo alikuwa amesafiri kuja kunisikiliza. Nilisema vizuri. Kama kuna jambo linaloniuma ni kwamba nilisema vizuri. Niliwaonyesha mchoro wa ukoo, nikawaonyesha programu inavyojigeuza, baba kule mbele akawa anageuka nyuma kuangalia kama watu wanaelewa. Mzee mmoja wa Songambele akanyoosha mkono.

"Kijana, shughuli yako nzuri. Sasa ikikosea?"

"Haiwezi kukosea, Mzee wangu," nikasema (Mungu wangu, naisikia mpaka leo). "Sikuijaribu tu, nimeithibitisha kwa hesabu, kila tawi. Hata nikitaka ikosee, haiwezi."

Wakapiga makofi. Na katikati ya makofi, kwenye mkoba wa Mama Jeneroza, katibu wa chama cha Kimuli, mama mwenye macho mabovu aliyekuwa amewekewa programu ya kusoma kwa sauti, simu ikaanza kusema, na kwa kuwa ilisikia kelele za makofi ikaongeza sauti yenyewe kama nilivyoifundisha. Ilianza kwa Kinyambo. Watu waliposikia maneno ya mwanzo, yale yanayotangulia msiba, makofi yakakatika, na ukumbi mzima ukasimama, wanaume wakavua kofia, kama inavyopasa.

Baba naye akasimama. Akavua kofia yake, akaishika kifuani, akainamisha kichwa kumheshimu marehemu asiyemjua. Kisha simu ikasema jina.

Ilikuwa sauti yangu. Imevutwa vizuri, ina huzuni.

Kwanza watu walimwangalia baba, halafu mimi, halafu wakamwangalia baba tena, na mtu mmoja huko nyuma akapasuka kicheko, na wengine wakafuata, ukumbi mzima ukalia kwa kucheka, Mama Jeneroza anaihangaikia simu kuizima, nayo inarudia kwa Kiswahili. Baba mwenyewe alicheka. Akauliza kwa sauti ya kusikika, "Sasa mimi nikae au niendelee kusimama?" wakazidi kucheka. Mwalimu wangu peke yake hakucheka, alikuwa anauangalia mchoro wangu ukutani, na nadhani alikuwa ameshaiona ile sentensi.

Mimi nilitamani sakafu inimeze, lakini nilidhani aibu ni ile. Nilidhani ndiyo imekwisha. Baba ndiye aliyeacha kucheka ghafla, kofia bado kifuani.

"Projesti," akasema. "Mama yako."

Nilipiga simu ya mama, haipatikani. Mzee Rwegasira, haipatikani (alikuwa shambani kwake, simu yake imeshakaribishwa nchi ya jirani, programu imejipanga upya, imetupa mizigo mizito, na miongoni mwa mizigo hiyo ilikuwa ile alama ya mazoezi, likabaki tangazo lenye vidole viwili vya kuthibitisha, tangazo safi kabisa, nayo ikalituma). Majirani wote simu zinatumika, wanapeana habari. Yangu nayo ikaanza kuita na haikunyamaza, na kila anayepiga analia. Nikampokea shangazi, yule asiyesamehe, nikapiga kelele, "Shangazi, baba yuko hai! Tata yuko hai!"

"Ndiyo mwanangu," akasema kwa kwikwi. "Yuko hai kwa Bwana."

Tukakodi gari. Baba alikaa mbele na dereva, kisha tukaanza kuwapita watu barabarani, wanawake wana mikungu kichwani, wanaume na mizigo ya kuni, wanatembea ule mwendo wa watu wanaokwenda msibani. Nikataka kusimamisha gari niwaambie. Baba akanishika mkono.

"Acha kwanza niwaone."

Akawa anawataja majina kimoyomoyo, midomo inacheza. Mmoja alikuwa jirani yetu wa shamba la chini, aliyegombana na baba kwa ajili ya mpaka na hawakuwa wakisalimiana. Alikuwa na mkungu mkubwa begani na macho mekundu. Baba akageuza uso upande mwingine, na nilijua analia.

Nyumbani uani pamejaa. Gari liliposimama na baba akashuka, wapo waliokimbia, wapo waliopiga magoti, mtu akapiga kelele "Yesu na Maria!", na watoto wakajificha nyuma ya mama zao. Mama alikuwa ndani, amekaa chini kwenye majani waliyomtandikia, wanawake wamemshika huku na huku, sauti imekwisha, anapumua tu. Nilidhani akimwona baba atafurahi. Hakufurahi. Alimwangalia muda mrefu kama mtu anayetafuta kosa, kisha akanyoosha mkono akamshika mguu, akaubinya, akaushika na wa pili.

"Felisiani," akasema. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama Projesti."

Ndipo akaniangalia mimi. "Nilidhani wamekosea," akasema, na ilibidi niiname ili nimsikie. "Mke wa jirani alipokuja na simu nikamwambia hapana, hawa wamekosea. Halafu nikakusikia wewe. Si mtu mwingine. Wewe, mwanangu, unaniambia baba yako amekufa."

Nikasema ni mitambo, mama, ni mtandao. Hata nilipokuwa nayasema nilijiona mjinga.

Na bado. Vijana wa chama walikuwa wameshafanya kazi yao, kwenye kibanja, shamba linaloizunguka nyumba, pembeni ya kaburi la babu, chini ya mibuni. Shimo lilikuwa limefika kiunoni. Wazee wakakaa pembeni wakashauriana, maana kaburi lililofunguliwa halifungwi tupu, lazima kilale kitu ndani, wakasema ukatwe mgomba ulazwe mahali pa mtu. Wakasita waukate upi, shamba ni la mtu na mtu mwenyewe kasimama pale. Baba akausogelea mmoja, akaupiga kofi kama anavyopigwa ng'ombe.

"Chukueni huu. Umeshazaa."

Wakauteremsha, wakaufukia, na baba akatupa udongo wa kwanza. Chakula kilikuwa kimeshapikwa kwa ndizi zetu wenyewe, ikabidi watu wale. Baba akala. Mzee Rwegasira alipofika kutoka shambani, hana habari, anapanda mlima huku anauliza kuna nini, akaambiwa, akakaa chini akashika kichwa, na hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenilaumu.

Mwalimu wangu alinipigia baadaye. Akaniambia kikaguzi hakikukosea mahali popote, kilithibitisha nilichokiambia, tatizo nilikiambia uongo. Programu ikafutwa kwenye simu zote, na chama kikarudi kutuma watu kwa miguu. Pale sokoni nikapewa jina, "Mzika Wazima", na wakiniona na simu mkononi wanavua kofia. Hiyo niliivumilia. Mvunja nchi ni mwananchi, nami nilijua nilichovunja.

Lakini kile kikohozi cha baba hakikuwa utani. Mvua zilipoanza kikamlaza, tukampeleka hospitali kule Karagwe, mama akarudi nyumbani mara moja kuangalia mifugo na kuleta nguo, mimi nikabaki naye. Akafa mchana, watu wamekuja kuona wagonjwa, wodi imejaa mazungumzo na vyombo vya chakula. Alikuwa ananiuliza kama mgomba wa nyuma ya jiko umeshatoa mkungu. Nikageuka kummiminia maji, nilipogeuka tena alikuwa hayupo.

Nikatoka nje na simu. Nilikaa nayo mkononi. Mjue sikuwahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa kupiga ile simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba yako amekula?"

"Mama, tata ametutoka."

Nikamsikia kuku uani kwetu.

"Ni wewe," akasema, "au ni kile kitu chako?"

"Ni mimi, mama."

"Hata siku ile ulikuwa wewe."

"Mama, nakuapia, nimemshika mkono—"

"Uko na nani hapo?"

Sikumwelewa. Akarudia, bila hasira, kama anavyouliza mtu anayefunga mlango na anataka tu kujua wangapi wako ndani. "Nataka mtu wa pili, Projesti. Wewe peke yako sikuamini."

Nikarudi wodini nikamtafuta nesi, nikampa simu. Nesi akaiweka sikioni, akanitazama, akasema, "Pole sana mama. Ni kweli." Ndipo nikasikia kilio cha mama yangu, kwa mbali, kwenye sikio la mtu mwingine, na kilikuwa kidogo, kilio cha mtu aliyekwisha kulia chote mara ya kwanza.

Watu walikuja wachache. Waliotumwa kwa miguu waliulizwa kila nyumba, "Mmemwona kwa macho?" na wengi wakasema basi ngoja tusikilizie. Shangazi alifika watu wameshanawa mikono. Yule jirani wa shamba la chini alikuja kesho yake na mkungu wake, akasimama kaburini, akasema, "Nilidhani ni yale yale." Baba amelala pembeni ya mgomba wake. Ni vilima viwili vimekaa sambamba, na mgeni akija huuliza cha pili ni cha nani, na anayemjibu ni mimi.

Sitengenezi tena programu ya kusema habari za watu, na sijarekodi tena sauti yangu mahali popote, hata salamu za harusi nimekataa. Mtu akiniambia jambo lake amelithibitisha, huwa namwuliza ni kitu gani alikiambia kikaguzi kisikikague. Hilo ndilo somo langu, lichukueni, mimi limenigharimu. Na mama nampigia kila Jumapili. Hajawahi kunisema tena kwa siku ile, ni mpole kama zamani, ananiombea. Ila nikimwambia jambo lolote, kwamba nimepata kazi, kwamba nimepona malaria, kwamba nitakuja Krismasi, namsikia anapumua, halafu ananiuliza:

"Uko na nani hapo?"